Chumvi kwenye Kioo cha Meneja

Shamba la Ng'ombe, Itambalala,
S.L.P. Njombe.
22 Mei 1983

Shemeji Anselimu,

Shikamoo, kama hapo dukani kwako bado mnapokea kitu chochote. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole. Habari ya vidole nitakueleza.

Barua hii msomee dada yako Domitila yote, usiruke mahali. Najua kisomo chake cha watu wazima hakijafika kwenye mwandiko wa mkono, na mwandiko wangu ni wa darasa la nne, pale nilipoachia. Mwambie Julai, mahindi yakikauka, nakuja Maisaka kuvuna. Nimeshaomba likizo. Nataka pia nimwone Ursula, niliyemwacha tumboni na sasa nasikia anakaa mwenyewe bila kushikwa.

Unakumbuka nilivyoondoka. Nilipanda lori kushikilia mitamba wasianguke njiani, nikaambiwa nitarudi na lori hilohilo. Lori lilikufa likaachwa, mitamba nao wengi wamekufa, mimi nikaandikwa kibarua. Huku ni juu sana, hakuna mti, ni nyasi na upepo tu. Kuanzia mwezi huu maji yanaganda. Sisemi ya mtungini. Yanaganda juu ya nyasi, juu ya migongo ya ng'ombe, na juu ya gari la Meneja. Asubuhi kioo cha mbele kinakuwa cheupe kama jicho la mzee aliyepofuka.

Meneja wetu, Bwana Mgaya, ana Landrova. Banda la kuliweka lilikuwepo, mabati yakang'olewa yakaenda kuezeka mahali ambapo hatuulizi. Kwa hiyo gari linalala nje, na mimi ndiye niliyechaguliwa kulivua barafu kabla bwana hajatoka. Nilichaguliwa kwa sababu siku ile nilikuwa nimesimama karibu.

Usidhani kuna dawa ya kazi hii. Tunatumia vitu vya jikoni. Kwanza alisema maji ya moto. Kwa woga wangu nikaanza kujaribu kwenye pikapu ya maziwa. Kioo kikalia kama kuni mbichi, kikapasuka toka pembe hadi pembe. Kioo kingine hakipo nchi nzima, tumefunga turubai, na dereva anaendesha akichungulia pembeni kama mwizi. Tukajaribu majivu, yakawa uji. Mfuniko wa sufuria ulikwangua barafu ukaacha mistari, Meneja akaniuliza kama nilikuwa nalima. Kiazi kilichokatwa katikati kinasaidia kidogo; unasugua mpaka kinaisha mkononi, halafu mke wa Meneja anakuja kuuliza kiazi chake kiko wapi. Gongo inashinda vyote hivyo, lakini chupa ikifika kwenye gari huwa imebaki nusu, maana sisi nasi tumeganda. Magunia tuliyofunika kioo yaliibwa siku ileile, tukayaona yamevaliwa. Sasa ameamuru blanketi langu lilale na gari. Mimi nalala na koti.

Na huyu mtu haendi popote, shemeji. Petroli hakuna. Iliyopo inatosha kunguruma. Anatoka nyumbani kwake, anaingia garini, ananguruma mpaka ofisini, ambako mke wake akisema chai tayari anamsikia akiwa mezani. Anakaa humo kwanza kusikiliza taarifa ya habari, kwa kuwa betri za redio hazipatikani na redio ya gari ndiyo inayosema. Habari ikiisha anashuka. Nilimuuliza mara moja, kwa heshima, kioo cheupe kinamzuiaje kusikia. Akasema gari la kiongozi haliwezi kusimama limefunikwa uso kama maiti.

Ninalo ombi, chumvi. Huku tunakula ugali wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, na maharage bila chumvi, kama wagonjwa wa wodini. Domitila awaulize wale mama wa Kibarabaig wanaoleta chumvi ya ziwa Balangida mnadani. Hata ile ya kijivu yenye mchanga. Mustapha wa lori la mahindi anafika Makambako, aniachie kwa mwenye hoteli pale stendi.

Ni mimi shemeji yako,
Damasi


Duka la Ushirika, Nangara,
Babati.
9 Juni 1983

Damasi,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni ya sukari. Sukari haikuja, na watu walihitaji kitu cha kuondoka nacho. Wamefurahi sana. Katekista Melkiori alicheka mpaka akaomba kiti. Nilipofika kwenye kiazi, mama mmoja wa Nakwa aliomba nirudie.

Sasa tuzungumze kama watu wazima. Barafu mimi naijua. Ipo mahali pawili. Ipo juu ya Kilimanjaro, ambako iliwekwa na Mungu, na ipo ndani ya friji ya mafuta ya taa ya masista, wanapohifadhi chanjo. Je, wewe umeajiriwa na Mungu au na masista?

Mustapha nimemuuliza. Anasema Makambako amefika mara nyingi, baridi ipo, watu wanavaa makoti, lakini lori lake halijawahi kuota mvi.

Ungesema kazi ni nyingi tungekuelewa. Ungesema umepata mwanamke tungekasirika, na tungekuelewa vilevile. Hilo ni jambo la wanadamu na lina desturi zake, watu hukaa chini wakasema. Lakini mtu mwenye ndevu kuchukua karatasi, katika nchi isiyo na karatasi, akaandika kwamba kila asubuhi anasugua gari kwa kiazi! Kiazi, Damasi. Hapa watu wanapika maganda. Tena gari lenyewe haliendi. Kama gari lipo, mbona hukulipanda ukaja?

Dada yangu alikuwa amekaa mlangoni na mtoto wakati nasoma. Hakucheka. Hakusema kitu pia, nami nikaelewa kwamba ameumia na haamini. Hata hivyo chumvi ameitafuta. Alibeba debe la mahindi mpaka mnadani, akarudi na mfuko mzito, akaushona mdomo kwa uzi wa gunia. Nilimwambia, "Unamtilia mke mwenzako chumvi kwenye mboga." Hakunyanyua kichwa, aliendelea kushona. Ndivyo alivyo tangu utoto. Ukimwonya anatafuta kazi ya mikono.

Sasa sikiliza. Baba amezeeka, msemaji wa nyumba ni mimi. Mahindi ya Maisaka yakivunwa bila wewe, Domitila na Ursula wanarudi Dareda kwa baba. Na wewe ukitaka mke utakuja na wazee wako, mkae nje mkisubiri kama siku ya kwanza, muombe upya. Na huyo Barafu wako mwambie ajiandae kukupikia.

Anselimu,
Mwuza Duka


Shamba la Ng'ombe, Itambalala.
27 Juni 1983

Shemeji,

Duka lako lina kaunta, lina rafu, lina mizani, na lina mwuzaji aliyevaa koti jeupe. Limekosa bidhaa tu. Ndiyo maana ukipata barua ya mtu unaiuza. Hii usiisome kwenye foleni.

Chumvi imefika. Nakueleza ilivyokuwa, uniamini au usiniamini.

Asubuhi nilikuwa natoka nayo kwa dereva wa pikapu ya maziwa, aliyenibebea toka Makambako. Nikapita kwenye Landrova kuanza kazi, nikaegemeza mfuko juu ya boneti. Uzi ulikuwa umekatika mahali, chumvi kidogo ikamwagika juu ya kioo. Nikaanza kuiokota chembe kwa chembe, maana chumvi aliyoshona Domitila haiachwi juu ya gari la mtu. Nikaona kila chembe imekaa ndani ya tundu lake. Barafu ilikuwa inaliwa. Nikatia chumvi kwenye kitambaa chenye maji, nikapaka kioo chote, barafu ikateleza ikaanguka kama utando wa maziwa. Meneja alipotoka alikuta kioo kikavu kinang'aa.

Akaniita "fundi." Mbele ya wenzangu wote, na Paskali wa zizini, anayenidharau kwa sababu yeye anakamua na mimi nabeba mavi. Tangu nizaliwe sijaitwa fundi. Nilimwonyesha Meneja mfuko kabla hajauliza.

Baada ya hapo nikaenda ofisini kuulizia likizo yangu. Akaniambia, "Fundi, ukiondoka wewe nani atafuta kioo?"

Nikasema nitamfundisha Paskali.

"Paskali hana chumvi."

Nikasema nitamwachia ya kwangu.

"Hana mkono," akasema. "Ule ni mkono wa kukamulia. Wa kwako umetulia."

Basi ndiyo hivyo. Mwanzoni nilikuwa kibarua wa kufukuzwa siku yoyote, na nilikuwa na heri. Sasa nimekuwa wa lazima kama komeo la mlango. Mfuko ameufungia ndani ya gari, chini ya kiti, anasema ukionekana kwangu nitaitwa mhujumu uchumi. Asubuhi ananipa ufunguo, natoa ya kioo, narudisha ufunguo. Kwenye maharage yangu haijafika bado. Nikimaliza kioo huwa nalamba kitambaa.

Huyo mwanamke unayemsema hayupo. Wanawake wa huku wana akili, hawamsogelei mwanaume anayenuka viazi vibichi.

Ila nimepata njia ya kukufunga mdomo. Nimemwomba Meneja akuandikie yeye mwenyewe, kwa mashine na kwa mhuri, kwamba barafu ipo na kwamba ndiye aliyenizuia. Amekubali bila shida. Mimi unaweza kuniita mwongo. Mhuri utauitaje?

Damasi


Ofisi ya Meneja,
Shamba la Ng'ombe, Itambalala.
29 Juni 1983

Ndugu Anselimu,
Duka la Ushirika, Nangara.

YAH: BARAFU

Mada ya hapo juu yahusika.

Kibarua wetu Ndugu Damasi ameiomba ofisi ikuthibitishie hali ya barafu shambani. Ofisi inapenda kukujulisha kwamba, kwa mujibu wa taarifa zilizokwisha pelekwa mkoani, shamba hili halijapata barafu msimu huu wala msimu uliopita. Upungufu wa majani ya mifugo ulisababishwa na ukame.

Aidha, Ndugu Damasi ni mfanyakazi hodari. Kutokana na umuhimu wa kazi zake za asubuhi, ofisi haitaweza kumpa likizo mpaka baridi kali itakapomalizika.

Nakutakia ujenzi mwema wa taifa.

T. S. Mgaya,
MENEJA WA SHAMBA


Duka la Ushirika, Nangara.
14 Julai 1983

Damasi,

Mhuri umefika. Ni mzuri, wino haukusambaa. Nimebandika barua hiyo ukutani, pale palipokuwa na bei ya sukari, na kila anayeingia anaisoma. Wewe ndiwe uliyeomba iandikwe. Katika maisha yangu ya duka nimeona wezi wakitoroka, wengine wakikana, lakini sijaona mwizi aliyejiitia polisi kwa gharama yake.

"Shamba hili halijapata barafu msimu huu wala msimu uliopita." Hata mwaka jana, Damasi. Na "kazi zake za asubuhi." Mwenyewe meneja wako ameona haya kuzitaja kwa jina. Katekista Melkiori, ambaye ni mtu wa Mungu, aliposoma hapo alivaa kofia akatoka.

Mahindi ya Maisaka yamevunwa. Nilivuna mimi, wakavuna vijana wa jirani, akavuna Domitila na mtoto mgongoni. Yalikuwa mazuri. Watu walipokaa kula wakaanza wimbo waliokutungia wa kiazi, nikawanyamazisha, maana nilimwona dada yangu ameacha kupukuchua.

Amehamia Dareda. Hakulia. Alifagia nyumba kana kwamba mgeni anakuja, akafunga mlango, akauvaa ufunguo shingoni pamoja na rozari. Nilimwambia aniachie ufunguo, mimi ndiye mtunza mali. Akautia ndani ya gauni, akambeba mtoto.

Ukitaka kuja, njoo na wazee, na uje na jambo la kweli mdomoni. Na usiniandikie tena habari za gari. Hapa tuna shida za kutosha.

Anselimu


Shamba la Ng'ombe, Itambalala.
26 Julai 1983

Mama Ursula,

Barua hii naileta kwako moja kwa moja, Dareda, kwa baba. Mtafute mwalimu wa kisomo akusomee, yeye hana foleni.

Kaka yako amenitumia maneno ya Meneja. Niliyasoma nimesimama zizini, nikarudia, nikadhani nimesahau kusoma. Nikamfuata. Alikuwa ndani ya gari anasubiri kioo. Pembeni kote ni kweupe, nyasi zinavunjika chini ya kiatu kama maganda ya mayai, na yeye anatoa moshi mdomoni kama jiko.

Nikamwuliza, "Bwana Meneja, uliandika hakuna barafu?"

"Niliandika."

"Na hii ni nini?"

Akateremsha kioo cha pembeni kidogo. "Fundi, mwaka jana majani ya ng'ombe yaliungua kwa barafu. Ningeandika barafu, wangeniuliza kwa nini hukupanda mapema, kwa nini hukuvuna mapema, ulikuwa wapi. Nikaandika ukame. Ukiandika ukame hakuna anayeulizwa, jua si mtumishi wa serikali. Sasa nikuandikie wewe barafu, barua ikazunguke?" Halafu akasema, "Paka na upande wa kushoto."

Nikapaka.

Nakuambia ukweli, mtu huyu namdharau kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfanyia kazi. Hajui ng'ombe, hajui majani, haendi popote, na mbwa wake ameanza kunitikisia mkia kama mtu wa nyumbani. Lakini fikiria na wewe. Nikiondoka bila ruhusa nimefukuzwa. Nikifukuzwa, nitarudi Maisaka kuwa nani? Nitakaa dukani kwa kaka yako nikisubiri sukari, wakiniimbia? Hapa angalau nina jina. Hata mke wake siku hizi ananiita fundi.

Nisubiri mpaka Septemba. Baridi ikiisha ataniachia, ameahidi, nami nitakuja na wazee kama anavyotaka kaka yako. Mwanamke hayupo, nakuapia kwa Ursula. Usimsikilize Anselimu. Na usiwe na hasira, najua barafu ni kitu kigumu kuamini kwa mtu ambaye hajaiona.

Mumeo,
Damasi


Dareda.
9 Agosti 1983

Baba Ursula,

Naandika mwenyewe. Mwalimu amenipa karatasi ya nyuma ya kalenda. Mkono wangu unakwenda polepole, na wewe soma polepole.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nisome zote. Nilikwenda Nangara kuchukua barua zako dukani. Zilikuwa kwenye rafu, peke yake. Nimezisoma kwa kidole. Kaka hakukudanganya, alizisoma kama ulivyoandika. Alichokifanya ni kuzichekesha.

Yeye anasema sikuamini barafu. Hakuniuliza. Huku Dareda yupo Bibi Xaveria, aliyezaliwa kule juu karibu na msitu wa Nou. Anasema miezi ya baridi nyasi za bondeni zinaamka kama zimemwagiwa unga, na jua likitoka maharage yanakuwa meusi. Walikuwa wakipita huko bila viatu. Nilijua tangu barua ya kwanza kwamba unasema kweli. Nilinyamaza kwa sababu ukimjibu kaka mbele ya foleni anafurahi.

Na mwanamke najua hayupo. Mwanaume mwenye mwanamke haombi chumvi kwa mke wake.

Kwa hiyo kaka ni mjinga, tumemaliza. Sasa wewe.

Ile chumvi nilisimama mnadani na mtoto mgongoni tangu ng'ombe wanaingia mpaka wanatoka. Wale mama walitaka khanga, sina. Mwisho mmoja alikubali mahindi, tena ya mbegu. Nikaja nyumbani nikachambua mchanga. Mboga zetu tulizila hivihivi ili mfuko ujae. Nilisema moyoni, Baba Ursula anakula kama mgonjwa, sasa atakula kama mtu. Wewe umeipaka gari. Ukaitwa fundi, ukamwonyesha mfuko kabla hajakuuliza. Umeandika hivyo mwenyewe. Halafu ukalamba kitambaa.

Na blanketi. Lile blanketi baba alinifunika nalo siku uliyokuja kunichukua, watu wote wakiona. Kama ningejua litalala na gari ningelikata nguo za mtoto.

Nimesoma barua zote nikitafuta mahali ambapo hilo gari linakwenda. Nilidhani labda nimeruka mstari kwa sababu mimi ni wa kisomo. Nikamwomba mwalimu naye atafute. Hakupata.

Unamdharau meneja. Naona. Kila barua unamdharau vizuri sana. Halafu asubuhi unapaka upande wa kushoto.

Kaka anataka uje na wazee uombe upya. Mimi sitaki wazee. Wazee watakula kuku na kuondoka, na sisi tutabaki vilevile. Mimi nataka chumvi yangu. Njoo na iliyobaki, hata ikiwa konzi moja. Usininunulie nyingine njiani, nitajua. Ile ina rangi ya jivu na nimeichambua kwa mkono wangu. Ukija nayo, nitashuka Maisaka kukufungulia mlango. Ukija bila hiyo, pitiliza, utafute meneja mwingine.

Septemba usiniambie. Baridi ikiisha si atakuwa hakuhitaji tena?

Ursula amesimama. Ameshika ukuta.

Domitila


Itambalala.
20 Agosti 1983

Bwana Meneja,

Karatasi hii nimeibandika kwenye kioo chako kwa maji tu, na imeganda yenyewe. Itabidi uisome ukiwa nje. Usiivute, itachanika.

Blanketi langu nimelichukua, lilikuwa gumu kama ubao, nimelibeba kichwani. Mfuko wa chumvi nimeutoa chini ya kiti. Ufunguo wa gari ulinipa mwenyewe jana, nikasahau kuurudisha, nawe ukasahau kuuliza kwa vile kipindi cha salamu kilikuwa kinaendelea redioni. Sasa uko juu ya tairi la nyuma.

Likizo hukuniandikia, kwa hiyo andika chochote mkoani. Andika nimekufa kwa ukame.

Paskali alinisindikiza mpaka kwenye josho la kuogeshea ng'ombe. Aliniomba nimwachie chumvi kidogo ili na yeye aitwe fundi. Nimemnyima. Siyo uchoyo. Ina mwenyewe, anaijua kwa rangi, na safari hii haitamwagika hata chembe. Nimeishona mdomo kwa uzi wa gunia, nikaitia kifuani ndani ya koti.

Nilichomwachia Paskali ni maneno, na wewe nakuachia hayohayo, ingawa nyote mnayajua. Kila siku jua likipanda juu ya josho, barafu ya kioo chako huteremka yenyewe, kabla hata maziwa hayajapimwa. Ilikuwa hivyo kabla sijaja, na itakuwa hivyo kesho. Vidole vyangu, viazi vya mkeo, chumvi ya mke wangu, vyote hivyo vilikuwa vya kumsaidia mtu ambaye haendi popote asisubiri jua.

Basi keti humo, funga mlango, usikilize habari. Kioo kikianza kutoa machozi, ujue ule ukame wako umefika.

Mimi,
Baba Ursula